Matungulu Yangu Hayang'olewi

Kasungami, Ijumaa, mvua imekatika

Zaina,

Sikuulizi hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukifungua na kufunga sanduku lile lile. Tangu Jumatano hatusemi. Chai unaniletea, unaiweka mezani, unageuka. Basi nimechukua karatasi. Kazi yangu imenizoeza kuandika yale ambayo mdomo wangu huyaharibu, na tena kuna jambo lazima ulijue kabla hujalala: kesho asubuhi sitakuwepo kwenye lori.

Nimelitanguliza hilo ili usilitafute mwishoni. Lori la kukupeleka kazini Kasomeno linaondoka asubuhi. Asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa ni Jumamosi, watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, watateremka na majembe kwenye bonde letu. Mama yako atakusindikiza. Mimi nitakuwa bondeni, nimekaa katikati ya matungulu.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutoazima nguo wala kuazimisha, siyaandiki. Mama yako ameyarudia hata mimi nimeyashika. Nitaandika juu ya majani hayo ya matungulu, maana ndiyo tuliyogombania.

Ulisema: "Baba, iko majani tu. Bakate, itaota tena. Unataka nianze kazi na jina mubaya juu ya majani?"

Nikakujibu: "Kama iko majani tu, shefu wa mtaa anayaogopa nini?"

Wewe ukarudi kwenye sanduku lako, nami nikajiona nimeshinda. Lakini lile halikuwa jibu. Lilikuwa neno la kukufunga mdomo, na mtu aliyefungwa mdomo mara nyingi katika kazi yake hapaswi kumfunga mwanawe. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na linaanza kwenye njia hiyo hiyo utakayopita kesho.

Ulikuwa bado hujazaliwa. Gazeti lilinituma njia ya Kasenga nikaandike habari za kampeni ya mahindi. Yule mkubwa wa kampeni alitusimamisha mahali palipokuwa na mahindi marefu, ya kijani, yamejipanga kando ya barabara kama askari wa gwaride. Nilipita katikati yake kwenda kujisaidia, nikahesabu mistari mitatu, kisha nikatokea porini. Nyuma ya mistari mitatu hapakuwa na kitu. Nilirudi nikifunga mkanda, na yule bwana alinitazama usoni akajua nimeona.

"Sitwayeni muandishi," akasema, raia kwa raia, wala hakuona haya, "piga foto kutoka hapa. Kutoka hapa njo inaonekana muzuri."

Nikapiga kutoka pale. Jioni nikaandika kwamba mahindi yametanda hadi macho yanapochoka. Sentensi hiyo hakuna aliyenipa. Hakuna aliyenishika mkono. Niliitunga mwenyewe, nikaipenda, ikachapishwa ukurasa wa mbele. Watu wanadhani sisi tuliandika uongo kwa kuogopa. Wengine ndiyo. Mimi siku ile sikuogopa kitu. Nilitaka habari iwe nzuri.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama Kasomeno kununua mkaa. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya njia na marundo ya matunda mekundu, yamechongoka kama vichupa vidogo, yana udongo bado. Matungulu. Nilikuwa nayajua tangu utotoni, kama kila mtu wa huku: unapasua ganda, ndani mna nyama nyeupe yenye maji, kali na tamu pamoja, na mbegu nyeusi unazozungusha mdomoni. Nikamwuliza mama mmoja anayalima wapi.

"Hatulimaka. Inaotaka yenyewe, chini ya miti, fasi ya maji-maji."

Nikamwambia mimi nina bonde la maji-maji Kasungami, kiwanja ambacho wenzangu walikikataa kwa sababu ya unyevu. Akaenda nyuma ya nyumba yake, akarudi na mizizi minene kama ya tangawizi, ameifunga kwa majani mabichi. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Bibi na bwana, mutu huyu anabeba pori, anaipeleka ku ville."

Ndivyo nilivyorudi mjini siku ile: shamba lisilokuwepo ndani ya daftari, na pori la kweli miguuni, kwenye gari.

Mwaka wa kwanza nilikosea kama anavyokosea kila mtu wa mji aliyelelewa kwa viazi vitamu. Nilipiga matuta. Mizizi ya matungulu haitaki kupandishwa juu ya tuta. Inataka kutambaa chini kidogo tu ya uso wa ardhi, mahali pasipokauka. Ilitokeza kwenye kingo za matuta, na kiangazi kikaichoma. Ile iliyobaki niliirudisha kwenye ardhi tambarare, kwenye kivuli cha miti ya pale kijitoni, nikaiacha. Ikatambaa. Baada ya misimu michache majani yalifunika bonde lote, yamefika gotini, huoni udongo. Lakini tunda hata moja hapana. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine.

Basi nikaandika gazetini, kwenye pembe ndogo ya habari za bustani, kwamba matungulu ni mmea wa porini usiokubali kuzaa mjini. Niliandika kwa uhakika, kama mtu aliyepima. Yale ya mahindi nilijua si kweli nikayaandika; haya ya matungulu niliyaamini, nayo hayakuwa kweli. Sijui ni lipi baya zaidi. Nadhani la pili, kwa sababu nilikuwa na jawabu nyuma ya nyumba yangu na sikuinama kuliangalia.

Unamkumbuka nkambo wako Mwamini, mama yangu, lakini unamkumbuka akiwa ameshazeeka. Wakati ule alikuwa na nguvu za kutosha kutuendesha sote. Alitoka Kindu na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa ufagio. Akimaliza sala ya alfajiri anachukua ule ufagio mfupi wa vijiti, anainama, anafagia kuanzia mlangoni hadi mwisho wa kiwanja, mpaka udongo unabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Unajua kwetu nyumba inasomwa uani. Mgeni haulizi kuna nini chungu, anatazama chini. Na mama yangu hakuwa mtu wa kuacha kona. Aliingiza ufagio chini ya matungulu pia, akayazunguka mashina moja moja, akatoa kila jani lililooza.

Asubuhi moja, mwanzoni mwa mvua, nilikuwa nimesimama karibu na rundo la takataka zake nikingoja chai. Nikaona kitu cheupe chenye rangi ya zambarau ndani, laini kama sikio la mtoto. Nikakiokota. Ua. Nikachakura rundo, nikapata mengine, mabichi na yaliyonyauka. Nikaenda bondeni, nikapiga magoti na suruali yangu ya kazi. Ua la matungulu halikai juu kwenye majani, Zaina. Linatoka ardhini lenyewe, peke yake, pembeni ya shina, kimo cha kidole. Tunda nalo linakaa hapo hapo, nusu ndani ya udongo. Mama yangu alikuwa anafagia mavuno yetu kila msimu na kuyachoma moto.

"Mama," nikamwambia, "unafagia matunda."

"Minafagia uchafu. Matunda iko wapi?"

Nikamwonyesha ua.

"Hii? Miye minazani iko karatasi ya bonboni ya batoto."

"Usifagie pale tena."

Akasimama wima, na ukiona mama yangu amesimama wima na ufagio mkononi, jua mambo ni mazito. "Bantu batasema nini? Batasema kwa Mama Mwamini mbele iko safi, nyuma iko pori. Batasema muzee amechoka."

"Wacha baseme."

"Weye unaenda ku biro. Miye njo nitabakia hapa na masikio."

Hakukubali siku ile. Aliendelea kufagia, nami nikaendelea kuokota maua kwenye rundo na kuyaweka kwenye kisahani mezani, mbele ya bakuli lake. Tulikuwa wabishi sawasawa. Usijiulize umeurithi wapi. Kisha asubuhi moja nilitoka nikaona mistari ya ufagio imekuja kutoka mlangoni, imenyooka kama kawaida yake, imefika ukingo wa majani, na pale ikasimama. Hakuniambia. Alikuwa jikoni anapepea moto.

Jirani yetu Mama Chola, ambaye watu wake walikuwa hapa kabla ya mgodi na kabla ya mji, alichungulia juu ya uzio.

"Mama Mwamini, ufagio imekufa?"

"Haiyakufa. Imekatala."

Usifikiri kukataa huko kulikuwa rahisi kwake. Kwenye maulidi ya mwaka ule mwanamke mmoja alisema mbele ya wote kwamba watoto wasiletwe kwetu, kuna nyoka. Mama yangu aliendelea kugawa wali. Mwanamke ambaye heshima yake yote ilikuwa kwenye udongo uliofagiliwa aliacha kipande cha udongo huo kwa sababu ya ua alilodhani ni karatasi ya pipi, na hakujieleza kwa mtu. Nimehojiana na mawaziri na nimehojiana na wafungwa. Ujasiri kama ule nimeuona mara chache, na sijawahi kuuandika gazetini kwa sababu hakuna mkubwa aliyepita barabarani kuutazama.

Matungulu yalizaa msimu huo huo. Tunda la kwanza hatukulionja sisi. Mama yangu alijaza sahani akampelekea Mama Chola, akarudi na sahani tupu na uso wa mtu aliyelipiza tusi.

Tangu hapo umekula matungulu hayo kila mwaka wa maisha yako. Ulipokuwa na malaria na kila kitu kinakuwa kichungu mdomoni, hayo ndiyo uliyoyakubali. Nusu ya mtaa hupita kwetu mvua zikikolea. Na sina haja ya kukuambia hali ya maduka tangu shaba ilipoacha kulisha mji huu. Huu ni mmea ambao hauombi mbegu kwa mtu, wala mbolea, wala bei ya Ulaya. Upo hapa kwa sababu hapa ni kwao.

Sasa bonde la Mama Chola. Utasema naye nimemweka kwenye hoja yangu kwa makusudi. Ndiyo. Alikubali bonde lake lichimbwe mfereji wa kulikausha. Walichimba, maji yakatoka, wakapanda mahindi, wageni wa serikali wakapita, wakapiga picha. Mvua zilizofuata zilikuta udongo mtupu na mteremko uliochongwa tayari. Nimeingia kwenye shimo lililobaki nikasimama: kingo zinanifika kifuani. Kisima chake kimekauka, na kila asubuhi unamwona na ndoo yake kwenye kisima chetu. Udongo wetu upo kwa sababu ile mizizi imeshikana chini kama mkeka. Ukiikata majani tu, kama ulivyosema, kweli itaota tena. Lakini shefu hakuja na habari ya kukata.

Ulisikia nusu tu ya maneno yake, kwa sababu uliingia ndani kwa hasira. Nakuandikia yote.

"Sitwayeni," shefu wa mtaa alisema, "bageni batapita ku barabara. Kutoka barabara, bonde yako inaonekana pori."

"Inaonekana pori sababu iko pori."

Akacheka. Si mtu mbaya, shefu, usimchukie. "Tutachimba mufereji, maji itoke. Tutapanda mahindi."

"Kwa mwezi huu? Na mu maji? Itageuka njano."

"Itageuka njano kisha bageni kwisha kupita."

Nilimtazama na nikamjua. Alikuwa yule bwana wa kampeni, mtu mwingine, sauti ile ile. Na mimi nilijua ni nafasi gani nimewekewa: nisimame pale anaponionyesha, niseme kutoka hapa inaonekana vizuri.

Kisha akasema kwa sauti lile ulilolisikia ukiwa ndani: "Mutoto yako anaenda kufundisha bantu kulima. Bakubwa bataniuliza, kwa baba yake namna gani? Miye nitasema tu ile minaona."

Jana nilimfuata ofisini. Nilimwambia aandike jina langu, mimi ndiye mwenye kiwanja, wewe huna neno katika hili. Akaifuta kalamu yake taratibu. "Jina yenu njo moja," akasema.

Kwa hiyo sitakuficha. Inawezekana maneno yake yakafika Kasomeno kabla hujamaliza kupanga nguo zako, na inawezekana ukaitwa urudi. Nimelifikiria hilo jana mchana wote, na leo mchana wote. Ulisoma kwa shida, ukiwa msichana peke yako kati ya wavulana wa darasa la kilimo. Kazi hiyo ni yako, si yangu, na ninaiweka hatarini bila ruhusa yako. Unayo haki ya kuninyamazia.

Lakini sikubali. Kama ningejua kukubali kwangu kutakulinda, labda mkono wangu ungelegea. Nimekubali mara nyingi, mwanangu. Niliandika niliyoambiwa, na baadaye niliandika kabla sijaambiwa, ili nisije nikaambiwa. Hakuna mara hata moja ambapo kukubali kulimaliza jambo. Kulimfundisha tu aliyekuja njia ya kufika mlangoni. Leo ni mfereji kwa sababu ya kazi yako. Ukishaanza kazi, patakuwa na kingine kwa sababu ya kupandishwa cheo, na watakaokuja watakuja kwako, wakitaja bonde la baba yako.

Sina ugomvi na mahindi. Bukari, huo ugali wake, nakula kila siku na nitaendelea kula. Yana mahali pake, kule juu penye udongo unaokauka miguuni, na wewe unapajua kuliko mimi. Utapewa mbegu, na mbolea, na kamba ya kunyooshea mistari. Nyosha mistari. Ila usiipeleke kamba mahali kwa sababu tu barabara inapaona.

Mama yako ameingia sasa hivi, amesimama nyuma yangu na amesoma, maana hajawahi kujifunza kuomba ruhusa. Nikamwuliza anasemaje. Akasema: "Miye nitamupeleka ku lori. Weye kaa na majani yako. Lakini kama banakupiga, usirudie hapa kulia." Kisha ameniwekea kigoda karibu na mlango, kile kifupi. Ndiyo baraka yake, nadhani.

Kesho watakuja. Wengi wao ni majirani. Wamekula kwetu, na wengine watakuwa na aibu na majembe yao. Sijui watafanya nini. Pengine watachimba kunizunguka. Pengine watanibeba na kigoda. Habari ambayo haijatokea siiandiki. Niliwahi kufanya hivyo na nimeshakueleza. Najua tu nitakapokuwa.

Na najua jambo moja juu ya Kasomeno, kwa kuwa nimezunguka vijiji vingi na wakubwa wa aina zote. Siku moja utatumwa kwa mtu na utamkuta amekaa. Mzee, au mama fulani mwenye kitambaa kichakavu, amekaa juu ya kitu ambacho wewe unaona ni majani, na hatoki. Mkubwa wako atakuwa nyuma yako anatazama saa. Watu watakuwa wanakungoja wewe, msomi, uliyeletwa kutoka mjini. Utamkasirikia mtu huyo kama unavyonikasirikia mimi leo, na utakuwa na haki, kwa sababu atakuwa anakuharibia kazi.

Kaa chini pamoja naye kwanza. Mkubwa wako angoje. Mwulize anakataa nini, na umwache amalize kusema.

Baada ya hapo amua mwenyewe. Sitakuwepo, na sitauliza uliamuaje. Radhi yangu unayo, pamoja na hasira yako. Usisubiri moja iishe ndipo uchukue nyingine.

Panda lori upande usio na jua.

Baba yako